Mwanga Mwekundu wa Tochi Hauthibitishi Rubi

Tochi za mwanga wa urujuanimno siku hizi ni rahisi kupatikana, na kwa walanguzi wa mawe zimekuwa chombo cha kushawishi. Kipande cha jiwe kinamulikwa gizani, kinatoa mwanga mwekundu, na papo hapo bei inatajwa. Kuanzia Nyamongo wilayani Tarime hadi Mugumu wilayani Serengeti wapo wachimbaji wadogo ambao fedha yao ya duara (shimo la kuchimbia) na karasha (mashine ya kusagia mawe) imechumwa kwa jasho. Kwa ajili yao nayajibu madai yanayoandamana na tochi hiyo.

Dai kubwa ni kwamba kinachowaka nyekundu ni rubi. Rubi huwaka kweli, maana kromiamu iliyomo ndani yake hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 694. Lakini kioo nacho huwaka. Kioo kikitiwa europiamu kidogo wakati kimeyeyushwa hutoa mwanga mwekundu mkali wa karibu nanomita 612. Ukikitazama juani hutambui kwamba kina europiamu, kwa kuwa huonekana hakina rangi, kama cha dirishani. Europiamu ni mojawapo ya madini ya ardhi adimu, na Mfaransa Eugène-Anatole Demarçay aliitambua mwaka 1901. Katika kioo hukaa kama ayoni iliyopoteza elektroni tatu. Ayoni hiyo humeza vizuri mwanga wa nanomita 394, kisha huutoa upya ukiwa mwekundu. Sasa soma maandishi yaliyo kwenye tochi nyingi za bei ya chini: nanomita 395. Chombo kinacholetwa kama shahidi ndicho hasa kinachofaa kukiwasha kioo.

Wengine hujitetea kwamba kioo kingetoa rangi tofauti na ya kito. Hapana. Elektroni zinazotoa mwanga huo zimekingwa na tabaka jingine la elektroni lililo nje yao, hivyo ubadilishe mchanganyiko wa kioo upendavyo, wekundu utabaki karibu palepale. Wekundu huo ndio uliowavutia watengenezaji wa televisheni za rangi kuitumia europiamu katika miaka ya 1960. Ndio pia uliowasaidia wachapaji wa noti za euro: mwaka 2002 watafiti wawili wa Uholanzi, Suyver na Meijerink, walieleza kwamba wekundu unaoonekana noti hizo zikimulikwa unatokana na europiamu.

Tochi hukosea hata upande wa pili. Rubi yenye chuma kingi huwaka kwa unyonge au haiwaki kabisa, na nyingi za Winza, wilayani Mpwapwa, zilizotikisa soko la dunia mwaka 2008, ni za namna hiyo. Rubi ya kiwandani, ambayo Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuitengeneza mwaka 1902, kwa kawaida haina chuma cha kuizima, kwa hiyo mara nyingi huwaka kwa nguvu zaidi. Anayeiamini tochi anaweza kulitupa jiwe halisi akanunua la kiwandani.

Kipimo cha kuanzia kipo miguuni pa kila mchimbaji wa dhahabu: kwatzi, lile jiwe jeupe la mikanda ya dhahabu. Ugumu wake ni 7, wa kioo ni karibu 5.5 na wa rubi ni 9. Kwatzi ikikikwaruza kipande hicho, si rubi, hata kingewaka namna gani. Isipokikwaruza, bado hujui kama kimetoka ardhini au kiwandani. Hapo ndipo kinapohitajika kipimo cha mtaalamu.

Husemwa pia kwamba mwanga mwekundu ni dalili ya dhahabu. Dhahabu haiwaki chini ya tochi hiyo. Katika mikanda ya dhahabu hupatikana kalsaiti, ambayo ikiwa na manganizi huweza kutoa mwanga mwekundu au wa machungwa, hasa chini ya taa za mawimbi mafupi. Kalsaiti ipo pia katika miamba mingi isiyo na hata chembe ya dhahabu. Dhahabu yenyewe ikiwa chembe ndogo mno ndani ya kioo hukipa wekundu mzuri, ila wekundu huo ni rangi tu: unaonekana mwanga wa kawaida unapopita, wala kioo hakitoi mwanga wake chenyewe.

Kuhusu dai kwamba kinachowaka kina mionzi ya hatari, jibu ni fupi. Kuwaka chini ya tochi na kutoa mionzi ni mambo mawili tofauti. Europiamu huurudisha mwanga iliopewa, na ukizima tochi wekundu hupotea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwenye shaka ya mionzi aende Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye vifaa vya kuipima. Hatari iliyo karibu zaidi na mchimbaji ni mvuke wa zebaki anaouvuta anapochoma dhahabu, na mvuke huo haumuliki chochote.

Limebaki dai la bei: eti madini ya ardhi adimu, kama europiamu, yana thamani kuliko dhahabu. Jina linapotosha. Seriamu, mojawapo ya madini hayo, imo katika miamba ya dunia kwa kiwango kinachokaribia cha shaba. Oksidi ya europiamu ilifika maelfu ya dola kwa kilo mwaka 2011; taa za LED zilipochukua nafasi ya taa za zamani, ikaporomoka hadi makumi ya dola. Kilo ya dhahabu mwaka huo wa 2011 ilikuwa makumi ya maelfu. Hifadhi kubwa ya madini haya nchini iko Ngualla, mkoani Songwe, katika miamba ya kabonataiti, na kinachotafutwa zaidi pale ni neodimiamu na praseodimiamu za kutengenezea sumaku. Miamba ya dhahabu ya Tarime ni ya aina nyingine kabisa.

Ndugu mchimbaji, anayekuuzia jiwe kwa tochi mwambie mwende pamoja ofisi ya madini, au mlipeleke kwa wataalamu wa vito wa Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha. Akikataa, usimpe hata shilingi.