Sahani ya Jirani Isirudi Tupu

Mama mpenzi, Krismasi yaja na fedha ni chache. Hata hivyo jirani asisahaulike, kwani mtoto akiugua usiku ndiye tunayemgongea kwanza. Hapa Mzinga wengi tunapakana na Waislamu, na Idd hutuletea pilau. Sahani hiyo isirudi tupu. Mpelekee kuku akiwa hai, amchinje mwenyewe, au ndizi za Uluguru, maembe ya msimu na mdalasini kidogo. Mwenye kisukari usimpelekee soda wala keki. Mpe mchicha na maharage. Bibi aishiye peke yake mchotee maji, mfulie shuka, kisha keti naye. Tarehe 26 Desemba ni sikukuu. Watoto ndio wabebe sahani, wajifunze kupiga hodi.