Walishuka daraja, kisha wakarudi na pointi 81



Juma hili tutazungumza juu ya mpira. Msigeuze ukurasa haraka. Tunajua wengi wenu mpira mnausikia tu kwa kelele za jirani siku ya Yenga, na kwa suruali ya mtoto iliyopasuka kwenye goti. Sisi pia tulikuwa hivyo. Lakini mtoto mmoja alitufundisha kitu, na kitu hicho kinahusu buletini mnazoshika mikononi wakati huu wa mwisho wa mwaka wa shule.

Siku ya posho iliyopita, kisha mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alitungojea mlangoni. Buletini ya kijana wake ilikuwa imekunjwa mara nne na kufungwa kwenye ncha ya kitenge. Kijana ana miaka 14. Asilimia 43. Hesabu iko nyekundu, Kifaransa kiko nyekundu. Siku ya proklamasio jina lake lilisomwa karibu na mwisho, majirani wote wakisikia.

Mama akatuambia: "Madamu, nieleze ukweli. Niendelee kumlipia huyu minervali, ao nimtafutie kazi ya kubeba mizigo sokoni? Niko na wengine watatu. Na huyu kichwa chake ni mpira tu."

Tuliomba kumwona kijana. Alikuja na kaye yake, macho chini. Tulipofungua ukurasa wa mwisho wa kaye, tulikuta mistari imepigwa kwa rula, safi kabisa kuliko kazi zake zote za shule. Juu aliandika: Bodø/Glimt 2020. Chini yake: michezo 30, kushinda 26, sare 3, kushindwa 1, magoli 103, pointi 81.

Tukamuuliza, hiyo 81 imetoka wapi?

Alijibu bila kushika biki: "Madamu, ukishinda unapata pointi tatu. 26 mara tatu ni 78. Sare ni moja moja, ziko tatu. Inafika 81."

Tukamuuliza tena: kila mchezo waliingiza magoli mangapi? Akafikiri kidogo. "Zaidi ya tatu, Madamu. Magoli 90 ni tatu kila mchezo, na zinabaki 13."

Wamama, kijana huyu alianguka katika hesabu. Tukachukua karatasi yake ya mtihani, tukamsomea zoezi moja aliloacha bila kujibu, lakini tukalisema kwa Kiswahili. Alilitengeneza mbele yetu. Kuhesabu anajua. Hakuelewa swali, kwa sababu swali liliandikwa kwa Kifaransa kirefu, naye aliona haya kuuliza. Asilimia 43 ni ya kweli, hatuikatai. Lakini haikumwambia mama fasi gani mtoto amekwama.

Tulirudi nyumbani na jina la timu ile kichwani, tukaanza kutafuta habari zake. Hadithi yake inatosha kabisa kusimuliwa kwa wamama.

Bodø ni mji wa kaskazini mwa Norwe. Norwe mnaifahamu: ni kule Oslo ambako daktari wetu Denis Mukwege alipokea tuzo ya Nobel ya amani tarehe 10 desemba 2018. Kutoka Oslo mpaka Bodø, kwa barabara, ni zaidi ya kilomita 1,000. Ni mji wa watu wapata 50,000, pembeni ya bahari, fasi ya baridi sana. Katikati ya mwaka jua halishuki hata usiku, na mwezi wa desemba linaonekana kwa shida. Kiwanja chao kinaingiza watu kama 8,000 tu.

Zamani watu wa kusini waliwadharau. Mpaka mwaka 1972 timu za kaskazini hazikukubaliwa katika shampiona kubwa ya inchi. Watu wa kaskazini waliambiwa kwamba kiwango chao hakitoshi, hata kabla ya kupewa mtihani. Miaka mitatu tu kisha, 1975, Bodø/Glimt wakachukua kombe la taifa, timu ya kwanza ya kaskazini kufanya hivyo.

Shida hazikuisha. Karibu na mwaka 2010 sanduku la klabu lilikauka, wachezaji wakakaa bila mshahara. Watu wa mji wakakusanya chupa tupu na kuzirudisha dukani ili wapate pesa za kuchangia klabu. Sisi tunaojua likelemba hatuhitaji kuelezwa kitu hicho.

Kisha, mwaka 2016, timu ilianguka. Katika timu 16 walikuwa wa 15, wakashuka daraja la pili. Kwa lugha yetu ya shule, walirudilia kalasi. Na inchi yote ilisikia, kama proklamasio.

Tuliangalia hasa kitu walichofanya kisha kuanguka. Mwaka 2017 walimwita mtu ambaye hakuwa wa mpira kabisa: Bjørn Mannsverk, aliyekuwa rubani wa ndege za vita. Kazi yake ilikuwa kusaidia wachezaji katika mawazo na moyo wao. Na kocha Kjetil Knutsen, aliyekuja mwaka huohuo kama msaidizi, akapewa timu yote mwaka 2018. Wakakubaliana waache kuongea kila siku juu ya kushinda na juu ya nafasi kwenye orodha. Waulizane juu ya kazi: leo tumefanya mazoezi namna gani? Fasi gani tumelegea? Na wakaweka desturi moja tuliyoipenda. Wakifungwa goli, wachezaji wanakusanyika katika duara hapo hapo kiwanjani, wanaambiana ni nini kimetokea, kisha wanarudi kucheza.

Kati ya wachezaji hao kulikuwa Ulrik Saltnes. Huyu tumbo lilikuwa linamuuma kabla ya michezo kwa sababu ya wasiwasi, mpaka mwaka 2017 alikaribia kuacha mpira. Wamama, mko na mtoto ambaye tumbo linamuuma asubuhi ya mtihani, nanyi mnafikiri anadanganya? Sisi tumewaona wengi. Saltnes alizungumza na Mannsverk, wakaona kwamba alikuwa amefunga maisha yake yote kwenye matokeo. Hakuacha.

Haikuwa mara moja. Mwaka 2017 walishinda daraja la pili, wakapanda. Mwaka 2018 walikuwa wa 11. Mwaka 2019, wa pili. Na mwaka 2020 ndio ule wa kaye ya kijana wetu.

Mwaka huo, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shampiona ya Norwe ilichelewa kuanza mpaka katikati ya mwezi wa juni, na viwanja vilikuwa karibu vitupu. Glimt wakacheza kama watu waliofungiwa ndani muda mrefu. Kasper Junker, kijana wa Denmark, aliingiza magoli 27. Mwenzake Philip Zinckernagel, naye wa Denmark, aliingiza 19. Jens Petter Hauge, mtoto wa Bodø hapo hapo, aliingiza 14, na mwezi wa septemba akaingiza moja kule Italia walipocheza na AC Milan. Walishindwa mchezo ule 3-2, lakini siku chache tu kisha Milan wenyewe wakamnunua. Katikati ya kiwanja alikuwa Patrick Berg, ambaye babu yake Harald Berg alikuwa katika timu ile ya kombe la 1975.

Tarehe 22 novemba 2020, michezo mitano ikiwa bado, walikuwa tayari mabingwa wa Norwe kwa mara ya kwanza tangu klabu ilipoanzishwa mwaka 1916. Mwishoni waliwaacha Molde, waliokuwa wa pili, kwa pointi 19. Miaka minne tu mbele walikuwa wanarudilia kalasi.

Wengine watasema ilikuwa bahati. Kisha mwaka ule Zinckernagel akaenda Uingereza, Junker akaenda Japani, Hauge alikuwa amekwisha kwenda. Mwaka 2021 Glimt wakachukua ubingwa tena, na mwezi wa oktoba mwaka huo wakaipiga Roma ya Italia 6-1 kwenye kiwanja chao kidogo. Wakachukua ubingwa tena 2023 na 2024. Na mwaka 2025 wakawa timu ya kwanza ya wanaume ya Norwe kufika nusu fainali ya kombe la Ulaya. Walipoipiga Lazio 2-0 nyumbani, magoli yote mawili yaliingizwa na Saltnes, yule wa tumbo. Mwishowe Tottenham ya London ikawatoa. Walishindwa, ndiyo. Na mwaka huo wa 2025 Viking wakawapita kwa pointi moja tu katika shampiona ya Norwe. Kushindwa hakujawaisha, hata sasa.

Sasa turudi kwa mama na buletini yake.

Hatutaki kuwadanganya. Si kila mtoto aliyeanguka ataongoza kalasi kisha miaka minne. Na kurudilia mwaka ni pesa: minervali tena, kaye tena, viatu tena. Mama anayehesabu pesa hizo hana moyo mbaya, ana watoto wengine wa kulisha. Lakini kabla ya kumtoa mtoto shuleni, tunaomba afanye kama wale wa Bodø wakifungwa goli: wakae katika duara, waulizane ni nini kimetokea. Mama, mtoto na mwalimu. Dakika kumi zinatosha kujua kama mtoto haelewi lugha ya swali, ao haoni ubao, ao anafika shuleni na njaa, ao anaogopa mwalimu. Kila shida kati ya hizo ina dawa yake. Fimbo si dawa ya hata moja.

Sisi walimu nasi tuko na deni. Tunasoma asilimia kwa sauti kubwa, kisha tunamwacha mtoto aende nayo nyumbani peke yake. Ukija kutuuliza mtoto amekwama fasi gani, nasi tukakujibu tu kwamba "hana akili", usikubali jibu hilo. Utuombe kaye yake, tuifungue pamoja.

Na nyumbani, jioni, mbele ya kuuliza "umepata ngapi?", jaribuni maswali haya matatu. Leo umejifunza nini, nieleze kama vile mimi ni mwanafunzi wako. Fasi gani haukuelewa? Kesho utamuuliza nani? Hata mama asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo huku anachambua sombe. Mtoto akizoea kusema bila haya kwamba haelewi, mzigo wake unapungua nusu.

Kijana wetu tumempa kazi. Wakati wa likizo ataandika kwa Kifaransa, kila siku sentensi tano tu, hadithi ya timu yake: 2016, 2017, 2018, 2019, 2020. Atakuja kutusomea siku ya posho. Sentensi tano za kwanza amekwisha kuleta. Zina makosa kumi na moja. Tumeyahesabu pamoja naye, ametengeneza tisa yeye mwenyewe.

Mama yake bado hajaamua kila kitu. Lakini kikundi kimekubali kumkopesha nusu ya minervali ya muhula wa kwanza kutoka sanduku letu, naye atarudisha kidogo kidogo mpaka mwezi wa desemba. Wamama saba waliinua mkono siku hiyo. Mmoja wao alituuliza kwa nguvu: "Na hiyo timu ya kule kwenye baridi, itacheza lini tena?"

Kama nyumbani kwenu kuna buletini iliyokunjwa mara nne, ileteni siku ya posho, pamoja na kaye na mtoto mwenyewe. Tutakaa katika duara.

Mbaki salama, mpaka juma lijalo.