Lenzi Kongwe na Unyevu wa Gusii

Juma hili napenda kunena habari za lenzi za zamani, kwa kuwa vijana wapiga picha wa Kisii na Nyamira wanazitafuta, na wengine hupoteza fedha kwa kutojua, kama nilivyopoteza mimi.

Niliyoipenda ni Nikkor ya milimita 35, iliyoanza kutengenezwa na kiwanda cha Nippon Kogaku cha Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hutazama upana mkubwa, na tundu lake hufunguka hata milimita 25. Kwa hiyo hupokea nuru mara nne kuliko lenzi ya namba 2.8. Faida yake niliiona Tabaka, ndani ya kibanda cha mchonga mawe ya sabuni. Mahali palipotaka sehemu ya 15 ya sekunde, nilipiga kwa sehemu ya 60, na mkono wa mzee yule ukatokea mkono, si moshi.

Lakini lenzi hii haijilengi yenyewe. Shurti uzungushe pete kwa vidole. Tundu likiwa wazi kabisa, na mtu yu mbali mita mbili, kinachoonekana dhahiri ni kina cha kama shibiri moja tu. Ukimlenga wa mbele, aliye nyuma yake hufifia.

Sasa kosa langu. Wakati wa mvua niliitia katika mfuko wake wa ngozi, nikaifungia sandukuni miezi mitatu. Nilipoitoa, kuvu ilikuwa imetanda ndani ya vioo kama utando wa buibui. Fundi aliisafisha, lakini ilikwisha kula ile ngozi nyembamba ya kioo izuiayo mng'ao. Tangu siku hiyo kila picha iliyoelekea dirisha ilijaa ukungu.

Basi, kabla ya kununua, fungua tundu lote, mulika tochi upande mmoja, uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyeupe, mrudishie mwenyewe. Ukiisha kununua, itie katika chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vipatikanavyo katika maboksi ya viatu. Vumbi la mawe lipulize kwanza. Usilifute kwa shati.

Kizuri hakikosi ila, walinena wahenga. Nasi tuitafute ila hiyo mapema, kabla fedha hazijatoka mfukoni.