DARAJA LA CHANIA LILIFUNGWA, MIZIGO IKAPITA

Ndugu wafanya kazi,

Yako maneno yanayosemwa katika viwanda vya Thika na Ruiru, kwamba habari ya Korona imekwisha, tuiache. Mimi sikubali. Maradhi yamepungua, lakini yako mambo ambayo hatujayamaliza na waajiri.

Kumbukeni. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza katika Kenya. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi na miji ya jirani ikafungwa, na mpaka wa upande wetu ukawekwa kwenye daraja la mto Chania. Mtu aliyelala ng'ambo, upande wa Murang'a, na kazi yake iko Thika, alitengwa na riziki yake kwa miezi mitatu. Lakini malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita. Sisemi ilikuwa makosa kupitisha chakula, sote tulikula. Nasema kwamba mzigo ulikuwa na mtu wa kuusemea, na kibarua hakuwa naye.

Masoko ya Ulaya yalipofungwa maua yakatupwa, na mchumaji akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Serikali iliwaondolea kodi ya mshahara wapatao mpaka shilingi 24,000 kwa mwezi, tangu Aprili mwaka ule. Vizuri. Lakini aliyesimamishwa bila mshahara, ataondolewa kodi gani?

Kwa hesabu ya Serikali watu zaidi ya 5,600 walikufa na maradhi haya katika Kenya. Virusi hivi hupita kwa pumzi, mahali penye watu wengi na hewa kidogo: ndani ya matatu, katika chumba kimoja cha kupanga Kiandutu, kwenye meza ya kufungia bidhaa. Tuliambiwa mwenye dalili ajitenge siku 14. Basi mtu alipwaye kwa siku atajitenga vipi? Huficha kikohozi, kwa maana akisema anaumwa, kesho jina lake halisomwi langoni. Hivyo aliye karibu naye huambukizwa, na bwana wa kiwanda vilevile.

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 30, humpa mgonjwa aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu, akiwa na cheti cha daktari. Hizo ni siku 14 barabara! Na kifungu cha 37 chasema kibarua ambaye siku zake za mfululizo zimetimia mwezi ahesabiwe kuwa wa mwezi. Lakini wangapi kati yetu huandikwa upya kila wiki ili hesabu isitimie?

Mwajiri atasema fedha hazikuwako. Wengine walipata hasara kweli, siwapingi. Basi na wafungue vitabu vyao mezani, tuone hasara imegawanywa namna gani.

Nataka mapatano yajayo yawe na kifungu cha maradhi ya kuambukiza: mtu aliyetengwa alipwe, hata kama si mgonjwa, na kibarua awemo. Kila mmoja aandike siku alizofanya kazi, tarehe kwa tarehe, ampe mwakilishi wake kabla ya mkutano wa tawi.