JIBU HOJA, USICHEKE MAANDISHI



Kwa majuma matatu sasa waandishi wawili, mmoja wa upande wetu na mmoja wa upande wa pili, wamekuwa wakipigana vita katika magazeti. Siwataji majina, wenyewe wanajijua na ninyi mnawajua. Vita hivyo vilianza vizuri. Mwandishi wetu aliuliza swali ambalo kila mkulima analiuliza: ushuru wa mazao unaokusanywa kwenye vizuizi na masokoni unakwenda wapi, na mbona barabara za kupitishia mazao hayo hayo bado ni matope? Lakini katika kuandika aliteleza, akaandika "ushuru hizi". Basi yule wa upande wa pili alilirukia kosa hilo kama paka aliyeona panya. Juma la pili akajaza safu mbili nzima kwa habari za ngeli, akauliza kama mtu asiyejua ngeli ya ushuru ana haki gani ya kuuliza habari za ushuru. Juma la tatu mwandishi wetu naye akajibu, lakini hakulirudia swali lake. Alishika kalamu nyekundu akahesabu makosa ya mwenzake: hapa ameandika "masaa", hapa "zambi", hapa amesahau nukta. Watu wakacheka vijiweni. Na ushuru? Hakuna aliyeutaja tena.

Nauliza, katika vita hivyo nani ameshinda? Kama yupo mtu anayekula ushuru wa wakulima, mtu huyo amelala usingizi mzuri majuma matatu, maana waliokuwa wamemnyoshea kidole sasa wananyosheana vidole wao kwa wao.

Wakoloni walikuwa na mabaya mengi, lakini hawakuwa wajinga kiasi hicho. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa mahakamani Dar es Salaam kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU juu ya Mabwana DC wawili. Alihukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, na faini ikalipwa. Sauti ya TANU kilikuwa kijarida kidogo tu, si gazeti la watu wenye mitambo mikubwa. Lakini Serikali ile haikumshitaki mtu kwa sarufi. Ilisoma maneno yanasema nini, ikaona yanauma, ikamshitaki mwenye maneno. Na TANU nayo haikumjibu Gavana kwa kumcheka jinsi anavyosema Kiswahili, ingawa nafasi ya kucheka ilikuwapo tele. Ilijibu kwa hoja, kwa mikutano na kwa kadi za uanachama.

Hebu tuulizane pia hicho Kiswahili sanifu tunachopigiana fimbo kimetoka wapi. Zamani wamisionari wa Mombasa, waliomfuata Krapf, waliandika kwa Kimvita, na wale wa Unguja, waliomfuata Steere, waliandika kwa Kiunguja. Mwaka 1928 wakubwa wa elimu wa kikoloni walikutana Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusimamia tahajia, sarufi na vitabu vya shule, na wajumbe wake wa kwanza wote walikuwa Wazungu. Ndivyo ikawa kwamba mzee wa Mombasa, mshairi aliyerithi lugha kwa babu zake, aliamka siku moja akaambiwa kwamba maneno yake si sanifu! Sisemi uchaguzi ule haukutufaa. Umetufaa sana, leo mtu wa Kigoma na mtu wa Lindi wanasoma kitabu kimoja na kukata shauri katika mkutano mmoja. Lakini mtu anayejua historia hiyo hawezi kukishika Kiswahili sanifu kama sheria iliyoshuka kutoka mbinguni. Wazee wetu waliandika "khabari", nasi tunaandika "habari". Kilichokuwa sahihi jana leo kinapigwa mstari mwekundu.

Na wanaocheka zaidi ni wale wanaowacheka watu wa bara. Basi wajue jambo hili. Hilo neno "ngeli", ambalo ndugu yetu wa upande wa pili alilitumia mara nyingi sana katika safu zake mbili, limetoka katika Kihaya. Neno "ikulu" tumelichukua kwa watu wa bara, kwa Wasukuma na Wanyamwezi na jirani zao. Marehemu Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma. Ni yeye aliyezipa nguvu ngonjera, ambazo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilifundisha siasa katika kila shule ya nchi hii. Shaaban Robert mwenyewe, ambaye kila mtu anamvika taji, alitoka katika ukoo wa Kiyao. Mwalimu Nyerere alizaliwa katika Kizanaki, Kiswahili akakikuta shuleni, na mtu huyo huyo akatafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapwa mwaka 1963. Hata yeye hakuridhika na kazi yake. Aliirudia na kuisahihisha, na toleo jipya likatoka mwaka 1969. Kusahihisha si aibu.

Mimi nilisomea ualimu, na kalamu nyekundu naijua. Kazi yake ni kumrudishia mtoto daftari lake mwenyewe, aone alipokosea, ajaribu tena kesho. Mwalimu anayelibandika daftari la mtoto ukutani ili darasa zima licheke hamfundishi mtoto huyo ngeli, anamfundisha kunyamaza. Kila mwalimu mwenye akili anajua hivyo. Sasa mbona waandishi wetu, ambao wengi wao wamepita mbele ya ubao, wakitoka darasani wanasahau?

Na hapa ndipo penye hasara ya chama. Mtu akizunguka matawini ataona kwamba shida ya kumpata katibu wa tawi si shida ya watu wasiojua mambo. Watu wanajua sana. Yupo mama anayeweza kukueleza mizani ya korosho ilivyopunja, kilo kwa kilo, gunia kwa gunia, na ni nani alikuwa amesimama karibu na mizani. Mwambie, "Mama, yaandike hayo tuyapeleke gazetini." Atakujibu, "Mwanangu, mimi na kalamu wapi na wapi? Watanicheka." Katika kabila lake hawatofautishi sana ra na la, naye husema "kupiga kula". Amesikia vijana wa mjini wakilifanyia mzaha neno hilo, tena vijana wa chama chake mwenyewe! Lakini siku ya kura alikuwa kituoni kabla ya jogoo, na wale vijana mafundi wa ra na la walikuwa bado wamelala.

Wasomaji wakumbuke mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza akina mama katika TANU. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, akawatumia akina mama wa ngoma, na maelfu wakachukua kadi. Wengi wao hawakujua kuandika hata majina yao. Kama pale mlangoni pangewekwa bwana mmoja wa kupima sarufi ya kila anayeingia, ofisi ingebaki safi, yenye watu wachache wenye Kiswahili kizuri, na bendera ya Mwingereza ingeendelea kupepea nje ya dirisha.

Kuna jambo zito zaidi. Mzaha juu ya ulimi wa mtu mara nyingi ni mzaha juu ya kwao. Anayesema "angalieni huyu anavyoandika" anataka msikilizaji amalizie mwenyewe: huyu si mwenzetu, huyu ametoka porini, huyu si mstaarabu. Yaliyotokea Unguja tunayajua. Tangu uchaguzi wa mwaka 1957 magazeti ya kule yaligawanyika, Mwongozi upande wa Hizbu, Afrika Kwetu upande wa Afro-Shirazi, na mengine madogo nyuma yao. Yalibishana mambo makubwa ya nchi, ni kweli. Lakini yalibishana pia asili ya watu: nani mwenyeji na nani mgeni, nani mstaarabu na nani si mstaarabu. Mwezi Juni mwaka 1961, siku ya uchaguzi, watu wakashikana, na ghasia hizo ziliua watu 68. Sisemi kosa la herufi liliwaua. Nasema kwamba aliyezoea kumdharau mwenzake kwenye karatasi amekwisha kufungua mlango, wala hajui ni nani atakayepita.

Sasa atainuka mtu aniambie, "Basi wewe unataka kila mtu aandike apendavyo, ovyo ovyo?" La, hasha. Yako maneno ambayo lazima tuyagombee, hata herufi moja. Mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na karatasi zake za Kijerumani, na machifu wakatia alama chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Mwaka 1889 Mfalme Menelik wa Uhabeshi alitia sahihi mkataba wa Wuchale na Waitaliani. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema kwamba Menelik aweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Kwa Kitaliano kikawa cha kumlazimisha aitumie, na Italia ikatangaza kwamba Uhabeshi iko chini ya ulinzi wake. Tofauti ya "aweza" na "lazima"! Menelik aliukataa mkataba, na shauri hilo likaja kukatwa kwa bunduki huko Adwa tarehe 1 Machi 1896, Waitaliani wakashindwa vibaya. Hapo neno lilikuwa nchi nzima. Kadhalika leo: katika hati ya shamba, katika sheria ndogo za halmashauri, katika mkataba wa kampuni inayotaka ardhi ya kijiji, katika kumbukumbu za mkutano wetu wenyewe, mtu asome kila neno na agombane juu ya kila neno. Huko ndiko ningependa kuwaona mafundi wetu wa ngeli. Nimeona mikataba ya ardhi ikisomewa wanakijiji haraka haraka jioni, na hakuna fundi hata mmoja aliyekuwapo.

Naleta kwa Mhariri na kwa Kamati maombi machache. Barua ya mwanachama ikifika na makosa, isahihishwe mezani kabla ya kuchapwa, kimya kimya, bila kugeuza maana yake. Hiyo ni kazi ya mhariri tangu magazeti yaanze. Makala yo yote isiyo na hoja ila kuhesabu makosa ya mwandishi mwingine isichapwe, hata kama imeandikwa na mtu wetu, hata kama inachekesha. Vijana wenye vyeti vya ualimu wapangwe matawini, jioni mbili kwa juma, wakae na makatibu wapya na mama kama yule wa korosho, waandike naye kile anachokijua. Kazi hiyo haitamfanya mtu ajulikane mjini, lakini italeta barua hamsini ambazo leo hazipo.

Na yule ndugu wa upande wa pili, mwenye safu mbili za ngeli, tumekwisha kumsikia. Amesema kweli: ni "ushuru huu", si "ushuru hizi". Tumesahihisha. Sasa tunangoja atuambie ushuru huu unakwenda wapi, na akichelewa, matawi yatalileta swali hilo katika mkutano wa wilaya, kila tawi na hesabu zake za mwaka huu na mwaka jana, kwa Kiswahili cho chote litakachokuwa nacho.