Jiwe la Mtoni Si Adui

Kila tukijadili mafuriko darasani, jibu huwa lile lile: mawe yaondolewe mtoni, yanaziba maji. Mimi napinga, na napinga nikiwa mtu wa bondeni, ninayekunywa maji ya Ziwa Nakivale.

Wenzangu hutaja Mto Nyamwamba, Kasese. Ni kweli, Mei 2013 na tena Mei 2020 mto huo ulishuka kutoka Rwenzori ukisukuma mawe makubwa, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Jiwe lililoelekeza maji kwenye nyumba za watu liondolewe, sina ubishi. Lakini kutoka hapo hadi kusema kila kijito cha mlimani kisafishwe kiwe mfereji mtupu ni kuruka hatua nyingi.

Tutazame kazi ya jiwe. Maji yakiligonga, yanapoteza sehemu ya nguvu zake. Nyuma yake panakuwa na utulivu, maji yanazunguka polepole, na mchanga laini na tope vinatua. Tena, msukumo wa maji mbele ya jiwe ni mkubwa kuliko nyuma yake, kwa hiyo maji mengine hulazimika kuzama ndani ya changarawe na kutokea upande wa pili. Yakipita humo, huacha tope katika nafasi ndogo kati ya kokoto. Ondoa mawe yote, nyoosha mto, na tope hilo halitoweki. Linapata barabara ya kushukia kwa walio chini.

Walio chini ni sisi. Rwizi huanzia milima ya Buhweju, hupita Mbarara, kisha huingia katika ardhioevu na maziwa ya Mburo na Nakivale. Tope linaloachiliwa juu husafiri kuelekea kwetu, kwenye maji yanayosafishwa ili wakimbizi na wenyeji wanywe. Kadiri yanavyokuja machafu, ndivyo kuyasafisha kunavyokuwa kugumu na ghali.

Hata hivyo siungi mkono kundi la pili, linalodhani tukipanga mawe mtoni shida imekwisha. Jiwe si gereza la tope. Mafuriko makubwa yakija, kilichotua huinuliwa tena. Na tope likizidi, changarawe huziba, hewa haipenyi, mayai ya samaki na wadudu wa majini hufa. Jiwe hupunguza kasi ya tope. Haliwezi kula kilima kizima.

Kwa hiyo lawama tuipeleke panapostahili. Tope hutoka kwenye miteremko iliyolimwa bila makinga maji, kwenye kingo zilizokatwa miti, kwenye ardhioevu zilizokaushwa, na kwenye mashimo ya mchanga na dhahabu. Hayo yana wenyewe, na wenyewe wana sauti. Jiwe halina wa kulisemea, ndiyo maana tunaliletea tingatinga haraka.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kuondoa mawe katika kijito chochote, waulizwe na wanaokunywa chini yake, si wanaoishi kando yake tu. Na sisi wanafunzi tuache kuandika kwenye mitihani kwamba mto safi ni mto usio na mawe. Wanaoandika hivyo leo ndio watakaotia sahihi mikataba ya tingatinga kesho.