Chungu Kimoja, Chumvi Mara Mbili



Jumapili moja baada ya Misa, bibi mmoja aliyekuja kumwombea marehemu mumewe alitusimamisha nje ya kanisa letu la seminari. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu. Mmepiga vizuri. Lakini ile zaburi sikusikia hata neno." Alisema kwa upole, akaenda zake. Tulibaki na nyaya mikononi, hatuna la kujibu.

Tangu siku hiyo mafrateri tumegawanyika. Wapo wanaosema waimbaji wanunuliwe spika kubwa zaidi. Sisi tunaopiga na kufunga vyombo tunasema hapana: kosa liko kwenye gitaa letu la besi, na kulirekebisha hakuhitaji hata shilingi.

Tulipopata pedali ya priampu tulifurahi mno. Pedali hiyo huipokea sauti dhaifu ya gitaa, huikuza na kuipa ladha kabla haijafika kwenye amplifaya, kwa nobu zake za sauti za chini na za juu. Kumbe amplifaya nayo ina priampu yake ndani, yenye nobu za kazi ileile. Mpigaji akaongeza besi kwenye pedali. Aliyefunga vyombo akaongeza tena kwenye amplifaya. Wapishi wawili, chungu kimoja, kila mmoja katia chumvi yake bila kumwuliza mwenzake. Desibeli 6 hapa na desibeli 6 pale ni desibeli 12, maana yake nguvu ya umeme inayodaiwa na sauti hizo za chini imekuwa mara 16 hivi. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ndani ya kanisa la kuta ngumu, sauti ya namna hiyo haiondoki upesi. Inajaa, maneno yanazama.

Darasani tunafundishwa kanuni inayohusishwa na William wa Ockham, ya kutoongeza vitu pasipo haja. Kwenye mtihani tunaijibu vizuri sana.

Msimamo wetu ni kwamba ladha itengenezwe mahali pamoja. Tukitumia pedali, nobu za amplifaya zisiongeze wala kupunguza kitu. Au, kama amplifaya ina tundu la kurudishia sauti kutoka kwenye pedali, waya uchomekwe humo, sauti iiruke priampu ya ndani. Tukitaka nobu za amplifaya, basi pedali izimwe. Ila kuna jambo lilitudanganya: kuweka nobu zote katikati si lazima iwe ndiyo kutoongeza kitu. Kwa amplifaya nyingi ni hivyo, lakini zile zenye sakiti ya mtindo wa zamani wa Fender hupunguza sauti za kati hata nobu zikiwa hapo. Itabidi besi na trebo zishushwe, za kati zipandishwe. Mpigaji asiyezipata sauti za kati hajisikii vizuri, hivyo huongeza volyumu, na zaburi ndiyo inayolipa.

Wenzetu wanasema besi ndiyo inayowainua vijana kuimba. Hatubishi, sisi wenyewe ni vijana. Lakini hati Musicam Sacram ya mwaka 1967, namba 64, inayokubali vyombo viwasindikize waimbaji, inataka pia visiyafunike maneno yanayoimbwa. Maneno ya zaburi ni Neno la Mungu. Gitaa letu silo.

Ukisimama karibu na amplifaya, kila kitu ni kitamu. Kwa hiyo tumemwomba mwalimu wa kwaya kwamba atakayegusa nobu baada ya mazoezi, kwanza akaketi benchi la mwisho upande wa mlango, zaburi ikiimbwa. Ndipo alipokuwa ameketi yule bibi.